Padre katika Kiti cha Maungamo

Tumsifu Yesu Kristo.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Padre, kwa nini nikuungamie wewe, binadamu mwenye dhambi kama mimi, wakati Mungu ananisikia nikiwa chumbani kwangu?" Ni swali la haki, na sipendi linapojibiwa kwa ukali. Mungu anakusikia chumbani, tena hata majuto yako yameanzia kwake. Lakini jioni ya Pasaka Yesu aliwavuvia Mitume akasema: "Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa, na wowote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa." Mtu aliyekabidhiwa kuondolea au kufungia hawezi kuamua gizani. Lazima asikie kwanza. Hoja hiyo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, uliisimamia mwaka 1551.

Hapa sasa ndipo wengi wanapoteleza. Padre si mwenye msamaha. Sikilizeni maneno yenyewe. Anakunyoshea mkono, anaanza kwa kumtaja Baba mwenye huruma, aliyeupatanisha ulimwengu naye kwa kifo na ufufuko wa Mwanae, ndipo anamalizia: "Nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Jina la padre halimo. Ndiyo maana ondoleo la padre aliye katika dhambi ya mauti ni halali sawa na la padre mtakatifu. Lingetegemea usafi wetu, nani angeinuka pale akiwa na hakika?

Wala si upadre peke yake unaotosha. Ni lazima padre awe amepewa ruhusa ya kuungamisha. Ila kwa mtu aliye katika hatari ya kufa, Kanisa linafungua milango yote: padre yeyote, hata aliyevuliwa huduma, anamwondolea dhambi. Naipenda sana sheria hiyo.

Na asiyejuta? Padre anaweza kuyatamka maneno yote, asiyejuta akaondoka na dhambi zake vilevile. Aliyeiba naye hana budi kukusudia kurudisha.

Tuje kwenye siri ya maungamo. Chukueni mfano: mweka hazina wa parokia anamwungamia paroko wake kwamba amekuwa akichota sadaka. Paroko anaweza kumhimiza arudishe, hata kumpa hilo kama kitubio, yaani tendo la toba. Lakini kesho yake hawezi kumnyang'anya funguo za sanduku kwa sababu ya alichosikia, wala kumtupia jicho la kumshuku mbele ya baraza. Hata nje ya kiungamio hawezi kulianzisha jambo hilo mwenyewe. Mweka hazina akifa, siri inabaki. Padre akiivunja moja kwa moja, ametengwa na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo kuiondoa ni juu ya Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa kule Roma. Kwa hiyo anayefungwa kwa kamba ngumu zaidi pale si wewe uliyepiga magoti.

Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, uliowadai waamini waungame walau mara moja kwa mwaka, ulimtaka padre awe kama tabibu mzoefu, aulize kwa busara ajue dawa ipi inafaa. Kuuliza ili kutibu. Padre anayechokonoa kwa udadisi, au anayemfokea mtu aliyekuja akitetemeka, anatenda kinyume cha alichotumwa, na inaniuma ninaposikia mtu ameacha kuungama miaka kwa sababu ya sauti ya padre mmoja.

Sisi mapadre wenyewe hatuwezi kujiondolea dhambi. Tarehe 28 Machi 2014, katika Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko alipiga magoti mbele ya padre akaungama watu wakimwona kabla ya kuketi kuwaungamisha wengine. Padre, askofu, Papa: kila mmoja anamtafuta padre mwingine.

Kama umekaa miaka mingi na umesahau hata pa kuanzia, mwambie padre hivyo hivyo. Atakuongoza. Sasa karibuni kwa maswali.