Mzee Aliniuliza: Ulihesabu Ngapi?

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nashukuru kuitwa nyumbani Tanga. Mmeniomba nizungumzie kazi yangu ya kuwafuatilia wanyama wa msituni, tangu nilipoanza mpaka leo. Nitaizungumzia. Lakini walionisikia kwingine wanajua hoja yangu ni moja, na sitaacha kuisema maadamu bado haijafanyiwa kazi: aliyekuonyesha mnyama ana haki ya kuambiwa ulichokiona, na aambiwe kwa lugha anayoielewa.

Nianze na njule. Ninyi wa Amani na Muheza hamhitaji kuelezwa. Kwa vijana wa mjini: ni mnyama mdogo, mkubwa kuliko panya wa nyumbani, mbele ana rangi ya kutu, mgongoni mpaka kiunoni mweusi, na pua yake ndefu haitulii. Mchana kutwa anapekua majani makavu akitafuta mchwa, mende na buibui. Na tafadhali, si panya. Vinasaba vilivyopimwa tangu miaka ya 1990 vimemweka kwenye ukoo mmoja na tembo, pimbi, muhanga na nguva. Hebu fikirini. Mlimani tuna njule, Saadani tuna tembo, na baharini nguva ambaye wavuvi wazee wa pwani hii bado wanamsimulia. Jamaa wa mbali hao, na sisi tumezaliwa katikati yao. Mtoto wa shule ya msingi hapa atakutajia simba na twiga, njule hajawahi kusikia.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa msitu mmoja wa Usambara Mashariki kumhesabu. Njule mwenyewe humwoni kirahisi. Ukimkaribia anatimka, unabaki kusikia majani tu. Kwa hiyo tunatafuta viota. Usiku analala chini, kwenye kishimo anachokichimba na kukijaza majani makavu, halafu anajifunika. Nikanyoosha mikuza yangu, yaani mistari ya kutembea na kuhesabia, kwa dira na kamba, nikatembea, nikahesabu. Siku tano daftari limejaa. Nilifurahi sana, njule walikuwa tele!

Mzee mmoja wa kijiji cha pale ndiye aliyekuwa akinifyekea njia. Siku zote hizo hakusema neno. Siku ya sita tumekaa tunakula mihogo, akaniuliza: "Mwanangu, wewe unahesabu watu au unahesabu nyumba?"

Nikamwambia nahesabu njule. Akainuka na fimbo yake, akanirudisha kwenye kiota nilichokiandika asubuhi ile. "Tazama hapa. Majani yamegandamana, mvua ya juzi imeyalaza. Na huyu buibui ametanda juu. Angekuwa anatoka na kuingia mtu hapa, huu utando ungekuwepo?" Tukaenda kingine. Majani yamevimba, mepesi, na pembeni ardhi iko wazi kwa sababu mwenyewe ameyavuta majani ya jirani kujengea. "Hiki cha jana." Akanieleza kwamba njule halali mahali pamoja siku nyingi, anahama ili asizoeleke na wanaomwinda. Dume na jike wanashika eneo moja, wanafukuza wageni, lakini kila mmoja ana njia zake. Kwa hiyo viota kumi vyaweza kuwa vya njule wawili tu, tena vingine wameshavisahau.

Mimi hayo ya dume na jike nilikuwa nimeyasoma. Mtafiti Galen Rathbun aliyaandika baada ya kuwafuatilia njule wa aina nyingine wa pwani ya Kenya miaka ya 1970. Nilikuwa nimeyasoma na nikafaulu mtihani. Lakini kwamba utando wa buibui unakuambia nyumba ina mwenyewe au haina, hilo nilifundishwa kwa fimbo. Nikafuta kurasa zote, nikaanza upya. Kila namba iliyomo kwenye tasnifu yangu imesimama juu ya asubuhi ile.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa. Posho yake ya siku nilimpa. Kwenye tasnifu nikaandika shukrani kwa "wasaidizi wa msituni". Jina lake halimo. Kitabu kikaenda kukaa maktaba Dar es Salaam, kwa Kiingereza, na mimi nikaenda na maisha yangu.

Miaka mingi baadaye nikarudi kijijini na kazi nyingine. Mzee yupo, macho yamefifia. Nikamwamkia, akanitambua kwa sauti. Hakuniuliza watoto, hakuniuliza cheo. Aliniuliza: "Mwanangu, ulihesabu ngapi?"

Alikuwa amengoja jibu miaka yote ile.

Nikakaa naye mkekani, nikachora msitu kwenye mchanga, nikamweleza yote kwa Kiswahili. Mahali wanapopungua, mahali wanapobaki, na kwa nini. Akaniuliza maswali mawili matatu, la mwisho hili: "Kwa hiyo tukifagia majani na kuokota kuni zote mpaka ardhi ikawa wazi, tumemnyang'anya kitanda na chakula kwa siku moja?" Ndiyo, mzee wangu. Ndivyo hasa. Nilikuwa nimeandika kurasa zaidi ya mia na sentensi hiyo haimo hata mmoja. Yeye aliisimamia kwenye mkutano wa kijiji, na watu walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi, kwa sababu amekaa nao.

Najua mtu ataniambia: dokta, sayansi ni ya dunia nzima na lugha ya majarida ni Kiingereza. Nimelisikia hilo mpaka nimechoka. Nani kasema tusiandike Kiingereza? Mimi naandika mpaka leo. Nasema andika mara mbili! Umeshindwa kurasa nne za Kiswahili baada ya miaka mitatu msituni?

Mwingine atasema Kiswahili hakiwezi kubeba utafiti wa kina. Huyo namwambia aende Gombe, hifadhi ya sokwe kule Kigoma. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, Mwingereza, alifika pale Julai 1960, akiwa na miaka 26, na dunia nzima inamjua, naye anastahili. Lakini mwaka 1974, sokwe wa kundi la Kasakela walipomshambulia Godi, dume wa kundi la Kahama, na watu wakajua kwa mara ya kwanza kwamba sokwe hufanya vita, aliyekuwepo akishuhudia ni Hilali Matama, Mtanzania. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, wanafunzi wanne walitekwa nyara na waasi waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wageni wakaondoka. Walioendelea kuwafuata sokwe siku baada ya siku ni Watanzania wa vijiji vya jirani. Na wameandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu hizo ndizo wasomi wa Ulaya na Marekani wanazotafsiri wapate shahada zao. Sasa kisichobebeka hapo ni nini?

Na yule kima aitwaye kipunji je? Tunasoma kwamba aligunduliwa mwaka 2003 kule Rungwe na kutangazwa mwaka 2005. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake la kisayansi, jambo ambalo kwa nyani na kima wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu 1923. Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini watafiti walianza kumtafuta kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa waliwasimulia kuna mnyama huyo, tena ana jina. Kipunji. Mtu halipi jina jambo asilolijua. Heri hao walioliweka jina la wenyeji kwenye jina la kisayansi. Wengi wetu hatufanyi hata hilo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo ya Saadani, nitayapita haraka. Tembo wanaotoka hifadhini na kuingia mashambani: mizinga ya nyuki imejaribiwa Kenya ikasaidia, kwa sababu tembo anaogopa nyuki kwelikweli, lakini mzinga unataka mtu wa kuutunza, na mtu huyo ashirikishwe tangu mwanzo, siyo aletewe. Mitego ya kamera, zile zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita, ni kitu kizuri, inaona usiku tusipoona. Ila picha zirudi kijijini. Mama aliyeruhusu kamera ifungwe karibu na shamba lake aonyeshwe ni funo gani au fungo gani aliyepita pale. Mitego ya nyaya na mbwa wa kuwindia, hilo linahitaji siku yake, sitaligusa nusunusu.

Nyinyi vijana mnaonifuata kila mara mkitaka niwaunganishe na watafiti wa simba Serengeti, sikatai, nitaandika barua. Lakini hapa Usambara pamekuwa na kituo cha utafiti tangu 1902, na bado ukipanda leo utakuta mambo ambayo hajayaandika mtu. Nauli ya basi mpaka Muheza mnayo. Panda, mtafute mzee, mwamkie, nyamaza umsikilize. Jina lake liandike ukurasa wa kwanza wa daftari, siyo wa mwisho.

Nimekuja na nakala za maelezo ya njule kwa Kiswahili, kurasa nne, na jina la mzee limo juu, familia yake imeridhia. Ziko mezani pale mlangoni. Walimu wa Muheza na Korogwe chukueni mbili mbili, moja ibaki shuleni. Kesho alfajiri napanda mlimani na nyingine, kuna vijiji vitatu ambavyo bado sijavipelekea. Gari lina nafasi mbili.