Haijafa: Siku Tatu za Mwanzo za Bia ya Nyumbani

Leo sianzi na kimea wala hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Hayo mmeyasoma, mmenunua, mmechemsha, togwa la shayiri limepoa na hamira mmeshaimwaga. Nataka tukae kwenye siku tatu zinazofuata, maana hapo ndipo simu zinapoanza. "Mwalimu, nimeweka hamira jana jioni, leo asubuhi kimya. Imekufa." Haijafa! Haijapata hata nafasi ya kuzaliana, wewe unaitangazia msiba.

Ndoo kunyamaza usiku kucha ni kawaida. Hata ikitimiza saa 24, bado. Hamira ikiingia inavuta oksijeni iliyoyeyuka kwenye togwa, inaimarisha utando wa seli zake, kisha inagawanyika na kugawanyika tena. Kazi hiyo haina kelele. Ukiweka hamira kidogo, ukimya unarefuka. Pakiti moja ya hamira kavu, gramu 11.5, inatosha ndoo ya lita 20 ya bia ya kawaida. Wewe uliyeigawa mara mbili ili ubane matumizi, tafadhali, usinipigie saa nne usiku.

Najua mtaniambia, "Lakini kile kibomba cha maji juu ya mfuniko hakitoi mapovu." Kibomba si kipimo, nimesema mpaka nimechoka. Mifuniko mingi ya ndoo za plastiki haifungi sawasawa. Gesi inatokea pembeni, kibomba kimelala, na bia inachachuka vizuri tu. Pengine kinatoa mapovu kwa sababu tu chumba kimepata joto la mchana. Kipimo ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Ilisoma 1.050, leo 1.040? Sukari inaliwa, kalale. Na usipime kila ukitoka msalani, maana kila unapofungua unawakaribisha bakteria. Mulika tochi ubavuni mwa ndoo. Ukiona duara la povu, habari imekwisha.

Sasa joto. Hapa mtanisamehe, nitakaa.

Hamira ya bia za ale, zinazochachuka kwenye joto la wastani, hizi ambazo wengi wenu mnapika, inataka nyuzi 18 hadi 20. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili kina nyuzi 30, na mtu anaridhika kwamba ndoo nayo ina 30. Haina! Hamira ikifanya kazi inatoa joto lake yenyewe. Siku ya pili, povu likiwa juu, ndani ya ndoo kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi tatu, nne, hata zaidi. Ladha nyingi zinazotoka kwenye hamira zinatengenezwa wakati huohuo inapozaliana. Ukiiacha ipate joto kali siku mbili za mwanzo, inakupa harufu ya ndizi mbivu ambayo hukuiomba, na pombe kali zinazochoma koo na kukuamsha na kichwa kizito. Kuihamishia ndoo kwenye ubaridi siku ya tano ni kufunga zizi wakati ng'ombe wameshafika mnadani.

Kuna mzee huwa hakosi kusimama: "Mama yangu kule Marangu alipika mbege maisha yake yote bila kipimajoto." Shikamoo mzee, ni kweli, na ilikuwa tamu. Lakini mbege ni ndizi na ulezi, inachachushwa na jamii nzima ya hamira na bakteria wa asili, uchachu ni sehemu ya ladha yake, na inanywewa mbichi, ingali inachachuka. Tena Marangu kuna baridi, mzee! Bia hii ya shayiri mnategemea aina moja ya hamira, mambo yaliyoanzia Copenhagen mwaka 1883, mtafiti Emil Christian Hansen alipotenga hamira safi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Halafu mnataka ikae chupani wiki kadhaa. Kosa la siku ya pili utalinywa mwezi ujao.

Basi fanya hivi. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, tumbukiza humo chupa za maji yaliyoganda, badilisha asubuhi na jioni. Anza kabla povu halijapanda, maana lita 20 zikishapata moto hazirudi upesi. Kuivisha ndoo fulana iliyolowa na kuwasha feni kunasaidia sana Dodoma, hewa ni kavu. Dar wakati wa masika? Fulana itabaki imelowa na ndoo itabaki na joto lake. Asiye na friji atafute hamira ya kveik, ya wakulima wa Norway. Zipo aina zake zinazofanya kazi nyuzi 35 bila kinyongo. Hiyo ningeweza kuizungumza mpaka kesho.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haraka: povu la kahawia lenye vipande vichungu ni hopsi na masalia, si ukungu, ukungu una manyoya. Harufu ya yai bovu ikija, hasa kwa lager, bia inayochachushwa kwenye baridi, iache, kwa kawaida inaondoka. Acha nafasi juu, lita 20 zikae kwenye ndoo ya lita 30, na kama povu linafika kwenye kibomba, kiondoe uweke mpira mnene unaoishia kwenye chupa ya maji, la sivyo kitaziba na mfuniko utaruka darini. Hamira ya mkate inachachusha, ndiyo, lakini haitulii chini vizuri na utaionja. Povu likishuka siku ya nne au ya tano, bia haijaiva. Usiguse chupa mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo, chupa hupasuka hizi.

Za kujaza chupa tutaziongea mkutano ujao. Maswali. Na anayeuliza kuhusu ndoo yake aanze kwa kunitajia nyuzi joto, kibomba sitaki kukisikia.