Salfa Iliyoishia Njiani

Naona mzee wangu wa mbele ameshaweka jiwe mezani kabla sijafungua mdomo. La Ruangwa, siyo? Nilijua. Kila nikija Lindi lazima niletewe jiwe la kinywe, yaani grafiti, lenye utando wa njano, niambiwe, "Salfa hiyo, bwana. Tuchimbe wenyewe, tupulizie mikorosho."

Nani ana kiberiti? Salfa halisi ukucha tu unaikwangua. Ikifika nyuzi joto 115 hivi inayeyuka, ikishika moto inatoa mwali wa buluu na moshi unaokaba koo, kwa hiyo jaribio lifanyike nje, siyo jikoni kwa mama. Fuwele nzuri ya salfa ukiifumbata karibu na sikio utaisikia ikialika: joto la kiganja linaipasua, maana salfa ni mbaya sana kupitisha joto. Sasa tazameni hili la mzee. Linaungua? Haliungui. Utando wa namna hii kwenye mawe kama haya mara nyingi ni jarosaiti, yaani chuma, potasiamu na salfa iliyokwisha kushikana na oksijeni. Ukimpulizia mkorosho, ubwiriunga, ule ugonjwa wake wa ukungu, utakucheka.

Ndani ya mwamba mna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Maji na hewa vikiifikia, salfa yake inaanza safari ya kuwa asidi. Hewa ikitosha, inafika, na chuma kinabaki kutu. Hewa ikiwa haba, kiasi kidogo kinaishia katikati, kama abiria wa Dar aliyeshukia Somanga. Huyo aliyeshuka ndiye salfa asilia ya kwenye mbale, yaani mawe yenye madini: vumbi, punje, vifuwele ndani ya matundu ya galena, ile mbale ya risasi. Ni dalili tu, hapo hakuna mgodi wa salfa! Nimelisema mpaka nimechoka. Ukiona njano mlimani, usikimbilie leseni. Kwanza pima maji ya kijito kinachotoka pale kama yana asidi, maana watoto wanayanywa.

Mtasema, "Mbona ya mifuko tunaiagiza nje, na gesi tunayo?" Kweli, salfa nyingi duniani leo hutolewa kwenye mafuta na gesi wakati wa kuvisafisha. Lakini gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo karibu yote ni methani, salfa humo si ya kutajwa. Mmepewa gesi safi, mnanuna!

Na jasi ya Kilwa, si ina salfa ndani yake? Hilo ndilo swali, nalo limekuja saa ya chai. Haraka basi: zinahitajika jasi, mafuta ya ardhini, na bakteria wanaoigeuza salfeti, ile salfa iliyoshikana na oksijeni ndani ya jasi, iwe salfa tupu. Hivyo ndivyo salfa ilivyojazana juu ya kuba za chumvi, vilima vya chumvi vilivyofukiwa ardhini, Texas na Louisiana, na mwaka 1894 mkemia Herman Frasch akaitoa kwa kusukuma maji ya moto chini na kuiyeyusha hukohuko. Jasi peke yake haitoshi. Aliyeuliza anifuate nje na karatasi, nitamchorea.