Picha ya Mtuhumiwa Kwenye Kifodi

NEEMA: Hodi hodi wasikilizaji wetu. Arusha leo imeamka na manyunyu, Mlima Meru hauonekani kabisa, na wakili msomi kaingia na chupa ya chai ya tangawizi ambayo hataki kumgawia mtu.

ELIA: Nimeshakumiminia, dada Neema, kikombe hicho hapo mbele yako. Hebu waambie mkasa wako wa asubuhi.

NEEMA: Mkasa wa kwenye kifodi. Ndugu zetu wa Dar, kifodi ni hiyo hiyo daladala yenu. Nimepandia Ngaramtoni, kijana wa kiti cha mbele yangu anamwonyesha mwenzake simu. Picha ya mtu kafungwa pingu, shati limechanika, jina lake kamili limeandikwa chini, na maneno: muuaji huyu hapa. Simu ikapita mkono hadi mkono. Tunafika Sanawari, kifodi kizima kimeshamhukumu. Mama mmoja mwenye ndoo ya ndizi ndiye pekee aliyeuliza, "Ameshafikishwa mahakamani?" Konda akamjibu, "Mahakamani ya nini mama, si huyo hapo kwenye picha?"

ELIA: [anacheka] Konda kamaliza kesi kabla ya stendi.

NEEMA: Nimecheka na mimi, halafu nikaona aibu. Maana nimeandika habari za mahakamani miaka mingi, najua ile picha imetoka wapi. Watuhumiwa wanapangwa mstari mbele ya kamera, vielelezo vimelazwa mezani, afande anasoma taarifa, na sisi waandishi tunapiga picha. Hakuna anayetulazimisha.

ELIA: Sasa nikuulize. Unadhani ile picha inamwumiza nani zaidi pale kesi itakapoanza?

NEEMA: Mtuhumiwa, si ndiyo? Hakimu ataiona, atakuwa na picha kichwani.

ELIA: Ndivyo wengi wanavyodhani. Mimi naona kwa hapa kwetu hatari kubwa haipo kwenye kiti cha hakimu. Ipo kwa shahidi. Ngoja nianzie mbali kidogo, usinikatize.

NEEMA: Mawakili na "kuanzia mbali". Haya, endelea.

ELIA: Hii sheria ya kudharau mahakama, inayozuia kuivuruga kesi kwa maneno au maandishi, tumeirithi kwa Waingereza. Kule kwao kesi kubwa ya jinai inaamuliwa na baraza la watu 12, raia wa kawaida tu: fundi bomba, mwalimu, muuza duka. Hao wanasoma magazeti. Ndiyo maana sheria yao ya mwaka 1981 inamwadhibu mchapishaji akiandika kitu chenye hatari kubwa ya kuiharibu vibaya kesi iliyo hai, hata kama hakukusudia. Na kesi inahesabiwa kuwa hai tangu mtu anapokamatwa, hawasubiri afikishwe kortini. Desemba 2010 dada mmoja aliuawa Bristol. Polisi wakamkamata mwenye nyumba wake, mwalimu mstaafu. Magazeti yakamvua nguo: nywele zake, tabia zake, eti mtu wa ajabu. Kumbe hakuhusika hata chembe, mwingine ndiye aliyepatikana na hatia mwaka uliofuata. Mahakama ikalitoza Daily Mirror faini ya pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000.

NEEMA: Kwa kumwandika mtu ambaye wala hakufika kizimbani.

ELIA: Hata shitaka hakusomewa. Sasa njoo kwetu. Sisi hatuna baraza la watu 12. Tulikuwa na wazee wa baraza Mahakama Kuu, wanatoa maoni yao lakini jaji hafungwi nayo, na tangu marekebisho ya 2022 si lazima tena wawepo. Anayeamua ni hakimu au jaji, na lazima aandike sababu. Akiandika "nimemtia hatiani kwa kuwa nilisoma gazetini", rufaa inamngoja mlangoni. Mfano tuliuona hapa hapa mjini. Kesi ya Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai.

NEEMA: Eeh! Siku zile ukitaka kiti kwenye chumba cha mahakama ulipaswa uamke na majogoo.

ELIA: Simzungumzii yeye kama mtu, naangalia mwenendo tu. Mitaani kila mtu alishakuwa na hukumu yake mfukoni, wengine ya huku, wengine ya kule. Oktoba 15, 2021 Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha ikampa miaka 30. Mei 6, 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo na kumwachia katika kesi hiyo. Kelele zilikuwa zile zile, lakini jaji wa rufaa alikaa na kumbukumbu za kesi, akazipima.

NEEMA: Kwa hiyo unataka kusema kelele zetu hazina madhara? Basi nirudi kuandika "muuaji".

ELIA: Hapana! Nilikuomba usinikatize. Shahidi sasa. Chukua kesi ya ujambazi wa usiku. Mtu alimwona jambazi dakika mbili kwa mwanga wa taa ya sola. Polisi wanaandaa gwaride la utambulisho: mtuhumiwa anachanganywa na watu wanaofanana naye kwa umbo na umri, shahidi anaitwa amguse. Tangu kesi ya Waziri Amani mwaka 1980 Mahakama ya Rufani inasema ushahidi wa kutambua kwa macho ndio dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Sasa kama shahidi ameshaiona picha kwenye simu, ndani ya kifodi, siku tatu kabla ya gwaride, pale anamgusa nani? Mtu wa usiku ule au mtu wa picha?

NEEMA: Mtu wa picha. Na mwenyewe hatajua kama ni mtu wa picha.

ELIA: Hatajua! Ataapa kwa imani yake yote. Mimi nikiwa upande wa utetezi swali langu la kwanza ni hilo: "Shahidi, kabla ya gwaride uliwahi kuiona sura ya mshitakiwa mahali popote?" Akisema ndiyo, gwaride limekufa. Hapo inaweza kutokea moja kati ya mawili. Asiye na kosa akafungwa kwa sababu picha ilimganda mtu kichwani, au jambazi halisi akatoka huru kwa sababu gazeti liliua ushahidi. Aliyeibiwa ndiye anayebaki mikono mitupu.

NEEMA: Hilo la pili huwa hatulisemi kabisa. Tunadhani tukiweka picha tunamsaidia aliyeibiwa.

[ukimya mfupi, mlio wa bodaboda nje]

NEEMA: Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukisema hewani. Miaka mingi nyuma niliandika habari ya kesi ya mauaji. Mshitakiwa amesomewa shitaka, hakutakiwa kujibu kitu kwa kuwa mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza, upelelezi haujakamilika, kesi ikapigwa kalenda. Niliandika hivyo hivyo, "mshitakiwa". Ofisini mtu mmoja akaona kichwa cha habari hakina chumvi, akaweka "muuaji". Keshokutwa yake karani ananiita, hakimu anakutaka. Nilisimama pale magoti yanagongana.

ELIA: Akakufanya nini?

NEEMA: Alinisomea kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kudharau mahakama, taratibu, kama mtu anayesoma Zaburi msibani. Akasema, "Binti, siku nyingine utalala ndani." Akaniacha. Lakini hiyo siyo iliyoniuma. Baadaye yule bwana aliachiwa, serikali iliondoa shitaka. Nikakutana naye soko la Kilombero, anauza viazi. Akanitambua. Nikajua leo natukanwa. Akaniuliza tu: "Siku niliyotoka mbona hamkuja?"

ELIA: Dah.

NEEMA: Nilinunua viazi ambavyo sikuvihitaji.

ELIA: Lakini angalia, hakimu alikusomea kifungu, na hapo ndipo nina ugomvi. Kifungu cha 114 kimebeba mizigo miwili kwenye gunia moja. Mzigo wa kwanza: ukisema au kuandika, wakati shauri linaendelea, jambo linalolipotosha au linaloweza kuwapendelea au kuwachukiza watu dhidi ya upande mmoja. Huo naukubali, unalinda haki ya kusikilizwa, ile ya Ibara ya 13 ya Katiba. Mzigo wa pili: maneno yaliyokusudiwa kushusha mamlaka ya anayesikiliza shauri. Hapo sasa tunalinda heshima ya mtu. Na Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni.

NEEMA: Wewe wakili unayeinama ukiingia mahakamani unasema hivyo?

ELIA: Nainamia kiti, simwinamii mtu. Na sisemi peke yangu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, Desemba 5, 2014 iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso. Mhariri aliandika kuhusu mwendesha mashitaka, akafungwa miezi 12. Ile ilikuwa kashfa, siyo kudharau mahakama, tusichanganye. Ila majaji walisema kifungo kile kilivuka kipimo, na kwamba mwenye madaraka ya umma avumilie kukosolewa kuliko raia wa kawaida. Mwendesha mashitaka ni mtu wa jengo lile lile la haki. Kama yeye anapaswa kuvumilia, jaji naye awe na ngozi ngumu.

NEEMA: Na sisi tusijifanye malaika. Mji huu ndio ulioihukumu RTLM, ile redio ya Rwanda. Desemba 2003, kwenye majengo ya AICC, kituo chetu cha mikutano, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwatia hatiani watu wa redio na gazeti kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Nikisikia mwandishi mwenzangu anasema kalamu haina mipaka, huwa namwonyesha lile jengo.

ELIA: Na mashahidi wa mahakama ile walikuwa wanaitwa kwa herufi, siyo majina. Mwaka 2009 mpelelezi wa upande wa utetezi alifungwa miezi 10 kwa kudharau mahakama, alitoa taarifa za mashahidi waliolindwa. Unaona narudi wapi?

NEEMA: Kwa shahidi. Nimekuelewa, msomi. Sasa zamu yangu kulalamika. Kuna sentensi inaniudhi kuliko zote: "Siwezi kulizungumzia, jambo hilo liko mahakamani." Nauliza kuhusu daraja lililobomoka, liko mahakamani. Nauliza maji mbona ni machafu, kuna mtu kafungua kesi, liko mahakamani. Na kesi zetu unazijua. Upelelezi haujakamilika, jaji ana udhuru, wakili anaumwa. Miaka inakwenda. Kwa hiyo kufuli linakaa mlangoni miaka yote hiyo?

ELIA: Wala sheria haisemi hivyo. Waingereza walishindwa kwenye hilo hilo. Kulikuwa na dawa inaitwa thalidomide, wajawazito waliinywa, watoto wakazaliwa na viungo vifupi. Wazazi wakashitaki, mazungumzo ya fidia yakaburuzwa miaka. Sunday Times likataka kuandika dawa ile ilipimwaje kabla ya kuuzwa. Mwaka 1972 likazuiwa: jambo liko mahakamani. Likaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Aprili 26, 1979 likashinda, kura 11 dhidi ya 9. Jambo zito kwa umma haliwezi kuzimwa eti kwa kuwa kuna jalada kwenye kabati la karani. Ile sheria ya 1981 niliyoitaja ilizaliwa baada ya kipigo hicho.

NEEMA: Kura 11 kwa 9. Yaani hata wao jasho liliwatoka.

ELIA: Sana. Kwa hiyo uliza kuhusu daraja. Andika nani alipewa zabuni, nani alikagua, fedha zilitoka wapi. Usichoandika ni kwamba mhandisi fulani aliyepo kizimbani ni mwizi.

NEEMA: Na kilichosemwa mahakamani, milango wazi?

ELIA: Kiandike chote, kwa uaminifu, swali na jibu. Usichukue la wakili wa serikali ukaondoka kabla ya maswali ya dodoso ya upande wa utetezi. Ila kesi za makosa ya kujamiiana hapana: ushahidi unatolewa faragha na sheria inakataza kuuchapisha. Kesi za watoto vilevile, usiwatambulishe.

NEEMA: Hilo la kuondoka mapema limetupata. Tunawahi muda wa gazeti. Haya, kuna msikilizaji wa Moshi, Majengo, katuma ujumbe wa sauti. Anauliza, yeye siyo mwandishi, anatuma tu picha kwenye grupu la WhatsApp. Na yeye yumo?

ELIA: Kifungu kinasema maneno au maandishi, hakikuuliza kitambulisho cha uandishi. Yumo. Na grupu la watu 200 ni kifodi kumi na kitu zimejaa.

NEEMA: Elia, mbona umeshika simu, unatabasamu peke yako?

ELIA: Ile picha ya asubuhi. Shati limechanika, kafungwa pingu?

NEEMA: Hiyo hiyo.

ELIA: Mama yangu kaituma kwenye grupu la ukoo saa moja iliyopita. Na mjomba wangu wa Machame, ambaye duka lake liliibiwa mwezi jana, kajibu: "Ndiye huyu."

NEEMA: Yesu wangu. Mjomba ni shahidi?

ELIA: Alishaandika maelezo polisi.

NEEMA: Zima maikrofoni, mpigie mama afute.

ELIA: Mama atafuta. Mjomba ndiye sijui namfuta nini.