Sikio Kwenye Bomba

Ndugu zangu wa kampuni za maji, wenyeji wetu wa Kisumu na ninyi mliosafiri kutoka Nakuru, Kakamega na Kisii, hamjambo.

Nina jambo nililoliona kwa macho yangu. Saa tisa usiku, fundi mmoja mzee alipiga goti kando ya barabara, akasimika nondo juu ya bomba, akategea sikio kwenye ncha yake. Mita ya mtaa ilikuwa inazunguka kana kwamba kumekucha. Watu wamelala, mifereji imefungwa, maji yanakwenda wapi? Akasikiliza, akasogea hatua nne, akasikiliza tena. "Chimbeni hapa." Tukachimba. Kiungo kilikuwa kimeachia, na maji yaliyokwisha kutiwa klorini na kusukumwa kwa pampu za umeme yalikuwa yakinyonywa na udongo.

Mzee yule alistaafu. Kampuni jirani, mwendo wa saa moja na nusu kwa matatu, haikupata hata kumjua. Hilo linaniuma mpaka leo.

Katiba ya 2010 iliweka huduma ya maji mikononi mwa kaunti. Sina ugomvi nalo, maana mwananchi anajua mlango wa kubisha. Ila ujuzi nao ukakatwa kufuata mipaka ya kaunti. Wenzetu wa Uganda wana shirika moja la taifa la maji na majitaka, NWSC, tangu 1972. Fundi wa Jinja akikwama, wa Kampala ni wa nyumba hiyohiyo. Sisi nyumba zetu ni nyingi, kwa hiyo lazima tutembeleane.

Na hatunyang'anyani wateja! Mkazi wa Kondele, hapa Kisumu, hawezi kuhamia bomba la Nakuru. Tunafichana nini basi? Mwaka 2009 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ambalo makao yake yako Nairobi, ilianzisha GWOPA, mtandao wa watoa huduma za maji wanaosaidiana bila kutafuta faida. Mwanzilishi wake yuko hapahapa kwetu.

Kinachotuzuia, kwa maoni yangu, ni aibu. WASREB, bodi ya kusimamia huduma za maji nchini, hutupanga kwa alama, na ni haki yake. Lakini tukikutana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja huleta takwimu zake nzuri tu. Ya maji yasiyolipiwa, yaani yanayovuja, kuibwa au kutopimwa, huyasema kwa sauti ya chini. Nani atanitibu nikificha kidonda?

Ndiyo maana nataka tuanze na mafundi bomba, wasoma mita na watu wa maabara, wakurugenzi wafuate. Wa Kisumu wakae Nakuru wiki mbili, waone wenzao wanavyopambana na floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, katika visima vya Bonde la Ufa. Wa Nakuru nao waje Dunga, hapa Kisumu, waone maji ya ziwa yanavyosafishwa.

Karatasi inayozunguka sasa ina safu mbili. Andika jambo moja unaloliweza vizuri, na moja linalokushinda. Mimi nimeshaanza. Kwenye safu ya pili nimeandika: mabomba ya zamani yasiyo na ramani.