Jani la Maharagwe Linapogeuka Njano
Mhadhara kwa wakulima na walimu wa sayansi, Kapchorwa

Wazee wetu, akina mama, walimu wenzangu, asanteni kwa kuja. Jani hili nimelichuma asubuhi katika shamba la maharagwe hapo chini. Litazameni: katikati ya mishipa pameshakuwa njano, lakini mishipa yenyewe bado ni kijani. Wengi wetu tukiliona tunasema limekufa. Halijafa. Liko kazini, na kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayojaza maganda.

Karibu robo tatu ya nitrojeni ya jani imo ndani ya kloroplasti, vichembe vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Humo imejaa protini iitwayo rubisko. Mbegu inaitaka nitrojeni hiyo, ila protini nzima ni kubwa mno kusafirishwa. Lazima ikatwekatwe iwe asidi za amino. Wakataji ni vimeng'enya viitwavyo protiasi.

Kazi yao mnaijua. Anayefunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai anatumia papeini, protiasi ya utomvu wake. Katika jani linalozeeka wanafanya kazi ndugu zake wa ukoo uleule. Mmoja, SAG12, hujitokeza wakati wa uzee tu, hata watafiti wamemfanya alama ya uzee wa jani.

Na utaratibu wa jani kuzeeka unanishangaza hadi leo. Kloroplasti hubomolewa mapema. Kiini cha seli, kinachotoa amri, na mitokondria, vichembe vinavyotoa nguvu, huachwa mwisho, maana kubomoa nako kunataka amri na nguvu. Sehemu za kandokando ya mishipa nazo huchelewa kuzeeka. Ukivunja barabara kwanza, mzigo utapita wapi?

Ninyi mnaolima ngano, sikieni hili. Mwaka 2006 watafiti walieleza jeni ya ngano inayoharakisha uzee wa majani. Walipoidhoofisha pamoja na jeni ndugu zake, uzee ulichelewa zaidi ya wiki 3, na protini, zinki na chuma katika punje vikapungua kwa zaidi ya asilimia 30. Shamba lilipendeza macho, punje zikabaki na njaa. Kwa hiyo jirani anayeng'oa maharagwe mabichi kwa kuwa bei imepanda, namwelewa, ada ya shule haisubiri. Lakini ajue mzigo bado uko njiani.

Tuje kwenye ua. Ndani ya vifuko vya chavua kuna tabaka liitwalo tapeto. Hulisha chavua changa, kisha hufa kwa mpangilio, protiasi zikilibomoa. Hapa wakati ndio kila kitu. Katika arabidopsisi, kijimea cha maabara, protiasi CEP1 ikikosekana tapeto halibomoki inavyopasa. Ikizidi, hubomoka kabla ya saa yake. Kwa vyovyote vile chavua huharibika.

Mwisho, mbarika, wengine mnaiita nyonyo. Mbegu ikiota, nyama yake nyeupe hulisha mche, kisha seli za nyama hiyo hufa: vifuko vilivyojaa protiasi hupasuka ndani yake akiba ikishahamishwa. Nimeziotesha chache, ziko mezani. Njooni mbonyeze kidogo, zimeshaanza kulainika. Mnawe mikono baadaye, na watoto wasizitie mdomoni; mbegu hizi zina sumu kali.