Soma Amri Mpaka Mwisho: Biashara Wakati wa Msukosuko
(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa Busia, Uganda)

Wazee wangu, kina mama wa sokoni, vijana wa boda, asanteni kwa kufunga vibanda mapema. Jioni ya Busia ina wateja wake, kwa hiyo sitazunguka.

Tarehe 25 Machi 2020, kwa ajili ya korona, Rais Museveni alisimamisha usafiri wa umma. Boda boda zikakatazwa kubeba abiria, ila mizigo ruhusa. Wengi tuliisikia nusu ya kwanza tu. SafeBoda, kampuni ya boda kule Kampala, waliisikia na ya pili: programu ile ile ya kuitia pikipiki ikawa ya kuagizia vyakula sokoni. Pikipiki zile zile, vijana wale wale. Kwangu huo ndio ubunifu: kutazama kilichoachwa wazi, kisha kuuliza nani bado anakihitaji ulicho nacho.

Na huyo muuzaji sokoni je? Wauza chakula waliambiwa wasirudi nyumbani, kina mama wa soko la Nakasero, Kampala, wakalala pale pale sokoni chini ya vyandarua. Vitunguu vipo, wanunuzi hawafiki. Hapo ndipo unapomjua mwenye wateja na mwenye wapita njia. Mwenye namba zao hupiga simu, hupokea pesa kwa simu, hupakia gunia kwenye boda. Asiye nazo hungoja. Na pesa kwa simu haikuletwa na korona. MTN waliianza Uganda mwaka 2009. Basi ninyi mnaouza dagaa, mukene wenu huu, mna namba ngapi? Za madalali sizitaki. Nataka za mtu anayeula.

Wenye shule binafsi walibanwa kuliko wote, maana shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wako waliofuga kuku madarasani. Siwacheki, mkopo wa benki haungoji korona iishe. Lakini kuku walitumia kuta tu. Mali ya shule ni walimu, na walimu walikwenda kutafuta riziki kwingine.

Tena sisi wa mpakani tusidhani ni maradhi tu yanayofunga njia. Katuna, mpakani na Rwanda, ilifungwa Februari 2019, korona haijasikika, kwa ugomvi wa serikali mbili, na biashara ikakwama pale hadi mwanzoni mwa 2022.

Hapa kwetu mwaka 2020 watu walizuiwa kuvuka kwenda Kenya, malori ya mizigo yakaendelea kupita, japo kwa foleni ndefu za vipimo. Mwenye beseni kichwani alikwama, lori lilipita. Sasa wachuuzi kumi wakichanga nauli, si wana lori? Najua mnachonong'ona: pesa atashika nani? Mpeni mtu asiyeuza bidhaa hiyo, na kila malipo yapite kwenye simu, ujumbe wake msomewe wote siku hiyo hiyo.

Haya, maswali. Mama wa kitenge cha kijani, anza wewe.